Nekesa na Mwezi wa Mei

Mtoto wa Kibukusu hupewa jina la majira. Wa mvua ni Wafula au Nafula, wa mavuno ni Wekesa au Nekesa, wa kiangazi ni Simiyu au Nasimiyu, na aliyezaliwa ghala likiwa tupu ni Wanjala au Nanjala. Basi binti wa Ujerumani akifika Chwele, magharibi mwa Kenya, mwezi wa Agosti, kujitolea mwaka mmoja chini ya kanisa, si ajabu akaitwa Nekesa kabla hajafungua begi.

Jina ni zuri, lakini lina hadaa ndani yake. Agosti mahindi mapya yanaanikwa uani, sokoni Chwele ndizi na vitunguu vimejaa, na mwaka ukiwa wa shufwa, kama 2022 au 2024, wavulana wanapita na njuga wakiwaalika jamaa kwenye tohara. Kila boma linapika. Mgeni hulazimishwa kuongeza ugali, naye hujiuliza hao wahitaji aliotumwa kwao wako wapi.

Wapo. Wanauza. Karo ya Januari, deni la mbolea, wageni wa tohara: yote hulipwa kwa mahindi yale yale, tena wakati bei iko chini kabisa. Ikifika Mei shamba ni la kijani na ghala ni jeupe. Aliyeuza gunia sasa ananunua kwa mkebe wa gorogoro, na muuzaji hajazi mpaka kilele kama alivyojaza Septemba. Ndiyo maana mimi huwaonea shaka wageni wa wiki mbili wanaokuja likizoni kupaka darasa rangi. Njaa ya hapa ina tarehe zake, na ndege zao hazizifuati.

Mashirika ya watawa wa Kijerumani yamekuwa yakiwatuma vijana wa namna hii sehemu nyingi za dunia tangu miaka ya 1980, na agizo lao ni kuishi, kusali na kufanya kazi pamoja na wenyeji. Hilo la kusali ndilo humfungulia Nekesa milango. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele miaka ya 1970, hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Upande wa pili wa barabara kina mama wa kanisa la Friends, lililotia mguu Kaimosi mwaka 1902, hufanya vivyo hivyo. Kujitolea hakukuletwa na ndege.

Jumuiya ikimtembelea kukhu, yaani bibi, aliye mgonjwa, hakuna anayemuuliza kama amekula. Kuuliza hivyo ni tusi. Wanaingia na "Mulembe!", mmoja anashika ufagio, wa pili anachukua mtungi kwenda kisimani, wa tatu anajipeleka jikoni eti kutafuta kiberiti. Huyo wa kiberiti ndiye mpelelezi. Anainua kifuniko cha debe, anarudisha, anatoka na kiberiti. Injili inasomwa, wimbo unaimbwa. Jioni mtoto anatumwa na gorogoro mbili: "Kukhu, mama amesema anarudisha yale mahindi aliyokopa." Hakukopa kitu, na kukhu anajua. Anapokea.

Mgeni aliyezoea kuandika orodha ya waliosaidiwa hapa hutatizika. Msaada wa Chwele hauna risiti, na ukipigwa picha umeharibika. Kazi yake Nekesa kwa miezi ya kwanza ni kubeba maji na kunyamaza, na wengi, nadhani, huona mwaka unapotea bure.

Jaribio lenyewe la jumuiya huja Machi, mvua zikianza. Wakati huo jumuiya yenye akili haipeleki unga kwa mjane. Inapeleka majembe na mbegu. Kila mtu anataka kupanda lake kwanza, na shamba la mjane likisubiri mpaka mwisho wa Aprili mahindi yatakuwa dhaifu. Kwa hiyo hupangwa zamu, la mjane likitangulia, na hapo ndipo ugomvi huzuka kila mwaka.