Chungu Kilichojaza Simu

Sogeeni, wajukuu zangu, niwape kisa cha binti mmoja wa Mbugani, hapa hapa Kyela. Binti huyu alijifunza kuandika programu za simu. Akaona akina mama wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu vizuri na kuvivusha ziwani kwa mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, jirani na Matema, lakini mnunuzi wa Mbeya hajui kuna vyungu gani mpaka ateremke mwenyewe. Akaandika programu ya kuonyesha picha za vyungu hivyo.

Kwenye simu yake ilikwenda vizuri. Akampelekea shangazi yake, mwenye simu ya bei nafuu. Shangazi akatelezesha kidole: chungu cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu programu ikajifunga.

“Mbona inajifunga, mwanangu?”

“Nipe niiangalie, shangazi.”

Akaiunganisha na kompyuta, akasoma taarifa ya hitilafu: OutOfMemoryError. Yaani programu imeomba nafasi kwenye kumbukumbu, ikakosa. Akashangaa, maana kila picha ilikuwa na megabaiti 3 tu.

Hapa sikilizeni vizuri, ndipo wengi wanapojikwaa. Picha ikiwa kwenye hifadhi huwa imebanwa, na ile JPEG mnayoiona kila siku ni mtindo wa kubana uliokubaliwa mwaka 1992. Kioo hakiwezi kuonyesha kilichobanwa. Lazima picha ifumuliwe, kila nukta ipate rangi yake, kama mchele wetu wa Kyela: kibaba kidogo, ukiiva unajaza sufuria. Nukta hizo ni pikseli, na kila moja kwa kawaida hula baiti 4: nyekundu, kijani, buluu, na ya nne ya uwazi. Picha ya kamera ya binti ilikuwa na pikseli 4000 kwa 3000. Zidisheni wenyewe: pikseli milioni 12, mara 4, baiti milioni 48. Megabaiti 48 kwa chungu kimoja!

Na programu haipewi kumbukumbu yote ya simu, inagawiwa fungu lake. Simu ya kwanza ya Android, mwaka 2008, ilitoa megabaiti 16 tu kwa kila programu. Mafungu yamekua tangu hapo, lakini vyungu 10 vikifumuliwa pamoja ni megabaiti 480. Kuanzia Android 8 ya mwaka 2017, pikseli hukaa nje ya fungu hilo, kwa hiyo pengine hamtaona taarifa yoyote. Mfumo ukielemewa unaizima programu kimyakimya. Hitilafu ya namna hiyo ndiyo inayosumbua zaidi kuitafuta.

Wapo watakaowashauri muombe fungu kubwa zaidi. Msikimbilie huko. Kioo cha shangazi kina upana wa pikseli 720, na vyungu vimepangwa viwili viwili, kila kimoja pikseli 360. Za nini hizo 4000?

Binti akaiamuru programu isome kwanza vipimo vya picha bila kuifumua. Kwenye Android amri hiyo inaitwa inJustDecodeBounds. Kisha akaweka inSampleSize iwe 8, picha ikafumuliwa ikiwa na pikseli 500 kwa 375. Hizo ni baiti 750,000, hata megabaiti moja haifiki! Angeweka 16, upana ungebaki 250, picha ingevutwa na nakshi za chungu zingeingia ukungu.

Shangazi akatelezesha kidole tena. Safari hii alifika mbali, kisha ikajifunga. Binti alikuwa bado ameshikilia kila picha kwenye orodha yake, hata zile zilizokwisha kupita kwenye kioo. Akaziachia, akabakiza chache za karibuni, kwa kikomo. Zipo maktaba za msimbo kama Glide na Coil zinazofanya kazi hizi zote, nazo ni nzuri sana, ila nawaomba mjue kwanza zinafanya nini.

Likabaki la mnunuzi anayetaka kukagua kama mdomo wa chungu una ufa. Huyo anahitaji pikseli zote, lakini za pale mdomoni tu. Basi akikikuza chungu kwa vidole, programu inafumua kipande hicho peke yake kutoka kwenye picha kubwa, na sehemu nyingine inabaki imebanwa.