Ung'arishaji wa magari: Anza na sakafu, bango litafuata

VIJANA wengi wanaoingia katika biashara ya kusafisha na kung'arisha magari huanza kwa kununua mashine. Baada ya mashine hununua bango, na baada ya bango hutafuta viti vya wateja. Mahali pa kufanyia kazi hufikiriwa mwisho kabisa, wakati fedha zimekwisha. Matokeo yake ni kwamba mvua ikinyesha siku mbili biashara inasimama, na mwisho wa mwezi mjasiriamali anashangaa mtaji umekwenda wapi.

Wiki hii nitaeleza jambo hilo kwa mfano wa nyumbani kwetu Kihonda, mjini Morogoro, kwa sababu hesabu zake ninazijua na baadhi ya makosa yake niliyafanya mwenyewe.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 mdogo wangu alipunguzwa kazini akapata kiinua mgongo cha Sh 9,000,000. Akaniambia anataka kufungua sehemu ya kung'arisha magari, kazi ambayo vijana wa mjini huiita diteling. Si kuosha kwa maji na sabuni tu. Ni kusafisha viti, mazulia na dari ya gari, kuondoa mikwaruzo midogo kwenye rangi kwa mashine ya polishi, kisha kupaka nta. Gari moja huchukua siku nzima.

Eneo lilikuwapo. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari na alituachia gereji ya mita 5 kwa 8, yenye shimo la kufanyia kazi chini ya gari. Lakini haikuwa tupu. Tangu baba afariki, mama aliikodisha kwa mfanyabiashara wa mahindi kuwa ghala, naye alimlipa Sh 150,000 kila mwezi.

Tulipomweleza mama, alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: "Wanangu, mahindi hayachagui msimu. Mwezi ukiisha naletewa changu. Hayo magari yenu yasipokuja, nitakula nini?"

Kwa lugha ya wachumi, mama alikuwa anazungumzia gharama ya fursa. Jengo la familia si la bure. Ukilitumia, unapoteza kile ambacho lingekuingizia kwa njia nyingine. Tukakubaliana kwamba mdogo wangu atamlipa mama Sh 150,000 zile zile, kuanzia mwezi wa kwanza, awe amepata au amekosa. Bila sharti hilo angeona faida kumbe anakula kodi ya mama.

Pima soko kabla ya kuvunja sakafu

Hatukugusa ukuta hata mmoja hadi tulipojua kama wateja wapo. Kuanzia Juni hadi Agosti mwaka 2023 mdogo wangu alifanya kazi kwa kuwafuata watu majumbani, akiwa na mashine moja ya kufyonza vumbi, ndoo mbili, brashi na vitambaa. Kila gari aliliandika kwenye daftari: la nani, limelipiwa kiasi gani na limetumia vifaa vya kiasi gani.

Daftari hilo lilitufundisha mambo mawili. Kwanza, wateja walikuwapo. Morogoro ni njia panda ya Dar es Salaam, Dodoma na Iringa, na magari hayaishi vumbi. Pili, siku alizokosa kazi hazikutokana na kukosa wateja. Zilitokana na jua kali lililokausha polishi kabla haijasuguliwa, upepo uliorusha mchanga juu ya rangi, na umeme wa mwenye nyumba usiotosha mashine.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kinachonunuliwa kwa ukarabati ni siku za kazi, na uzuri wa jengo ni wa ziada. Ni sawa na mkulima wa mboga anayevuta maji ya umwagiliaji. Hafanyi hivyo ili shamba lipendeze, bali apate kuvuna miezi ambayo wenzake wanasubiri mvua.

Hesabu ya siku

Gharama ambazo mdogo wangu hulipa kila mwezi, magari yaje yasije, ni hizi: kodi ya mama Sh 150,000, mishahara ya vijana wawili Sh 400,000, ulinzi Sh 100,000, umeme Sh 60,000, leseni, usafi na ushuru Sh 40,000. Ukarabati wa Sh 6,000,000 tuliugawa kwa miezi 60, hivyo uchakavu ni Sh 100,000. Jumla ni Sh 850,000.

Gari moja hulipiwa Sh 80,000. Sabuni, polishi, nta, maji na chakula cha vijana huchukua Sh 20,000, zinabaki Sh 60,000. Ukigawa 850,000 kwa 60,000 unapata 14 na kidogo. Maana yake ni kwamba hadi gari la 14 bado yuko kwenye hasara, na gari la 15 ndilo linaloanza kumpa faida.

Mwezi una siku 26 za kazi, na nafasi ni ya gari moja kwa siku. Kama mvua, tope na giza vitakula siku 10, zinabaki 16. Hata akijaza zote atabaki na Sh 110,000 tu. Akifanya siku zote 26 atabaki na Sh 710,000. Tofauti hiyo ya Sh 600,000 haitokani na mashine wala bango. Inatokana na paa, sakafu na mifereji.

Tarakimu hizi ni za daftari letu. Msomaji aweke za kwake, lakini njia ya kukokotoa ni hiyo hiyo.

Fedha zilivyogawanywa

Orodha ya kwanza ya mdogo wangu ilikuwa na bango la taa, kochi, televisheni na mashine tatu. Tuliifuta tukaandika upya. Paa na kipenu cha mbele Sh 1,900,000, sakafu, mifereji na chemba Sh 2,000,000, tanki na mabomba Sh 900,000, umeme na taa Sh 700,000, rangi na rafu Sh 500,000. Mashine zilipewa Sh 2,000,000, na Sh 1,000,000 ikawekwa akiba.

Kwanza tulitenganisha kazi ya maji na kazi kavu. Kuosha hufanyika nje chini ya kipenu cha mita 4 kwa 6, na kupiga polishi na kusafisha viti hufanyika ndani. Ukichanganya hivi viwili katika chumba kimoja, unyevu hauishi, na chembe moja ya mchanga ikinasa kwenye sponji ya mashine inachora rangi ya mteja. Tabaka la juu la rangi ya gari ni jembamba kuliko unywele, na likishaliwa halirudi.

Shimo la baba lilijazwa kifusi kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya kuweka lingine. Ukijaza kwa mkupuo mmoja, kifusi hutitia baadaye na zege la juu hupasuka. Sakafu ya zamani ilikuwa imelowa oili ya miaka mingi, na zege jipya halishiki penye oili. Tulibandua sehemu zote nyeusi.

Sakafu ya ndani ni mita za mraba 40. Kwa unene wa sentimita 10 unahitaji mita 4 za ujazo wa zege. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni kama mifuko 26 ya kilo 50. Kisha zege limwagiwe maji angalau siku 7, na lisipandishiwe gari kabla halijakomaa. Nguvu yake kamili huhesabiwa kwa siku 28.

Ndani tulipiga niru ili vumbi lifagilike kirahisi. Nje, sakafu iliyopigwa niru ikilowa sabuni huteleza, mtu akavunjika kiuno. Huko zege lilichorwa kwa fagio likiwa bado bichi.

Kosa letu lilikuwa hapo hapo nje. Sakafu ya kuoshea inatakiwa ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mfereji. Niliamini jicho la fundi na jicho langu, sikudai kamba wala pima maji. Siku ya kufungua tulimwaga ndoo ya kwanza, maji yakatembea taratibu kuelekea mlangoni na kuingia ndani. Mdogo wangu hakusema neno. Alichukua fagio akaanza kuyarudisha. Tulilazimika kuvunja na kumwaga upya, na Sh 400,000 zikatoka kwenye akiba. Kipimo ambacho kingetuepusha kilikuwa cha dakika 10.

Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi

Mpira wa kawaida wa bomba humwaga lita 15 hadi 20 kwa dakika. Mashine ndogo ya presha hutumia kama lita 8. Kwa dakika 12 za kuosha, hiyo ni takriban lita 100 kwa gari. Paa la jengo na kipenu kwa pamoja ni mita za mraba 64. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 10 huleta lita 640. Ukitoa zinazopotea, kama 500 huingia kwenye tanki, maji ya magari matano. Jengeni kitako imara, kwani tanki la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja.

Maji machafu yana mchanga, sabuni na oili, na hayafai kuachwa yatafute njia yenyewe. Sisi tulijenga chemba tatu zinazofuatana. Ya kwanza hutulizia mchanga. Ya pili huzuia oili, ambayo huelea, huku maji yakitokea chini kwa bomba lililopindwa. Ya tatu hupokea maji yaliyotulia kabla hayajaenda kwenye shimo. Oili huchotwa na kuhifadhiwa kwenye dumu, na mchanga hukombwa kabla haujajaa.

Wapo wanaoona mto ndio njia rahisi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Kwetu Morogoro, Mto Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oili unayoimwaga hapa ina watu wa kuinywa huko chini.

Umeme na mwanga

Maji na umeme havitaniani. Soketi zote ziliwekwa juu ya usawa wa kiuno, za nje zikawa za aina yenye kifuniko, waya wa ethi ukapimwa, na kikafungwa kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Kazi hiyo apewe fundi mwenye leseni.

Taa za dari pekee hazitoshi. Mikwaruzo huonekana mwanga unapopiga kwa ubavu, hivyo tulifunga taa nyeupe za LED ukutani, usawa wa milango ya gari. Kuta zikapakwa rangi nyeupe inayofutika. Dawa kali za kusafishia rimu zina rafu yake, mbali na vitambaa, na madirisha mawili yaliongezwa ili hewa ipite.

Miezi ya kwanza

Novemba 2023 yalikuja magari 9. Hasara ilikuwa Sh 310,000, ingawa Sh 100,000 kati yake ni uchakavu, si fedha iliyotoka mfukoni. Desemba yakawa 13, hasara ya Sh 70,000. Miezi hiyo kodi ya mama ilitoka kwenye akiba, na ndiyo sababu nasema akiba nayo ni sehemu ya ukarabati. Januari magari yakafika 16.

Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 2023 ziliendelea hadi masika ya 2024. Aprili, wenzetu waliokuwa wakioshea chini ya miti walikunja maturubai yao. Kwetu yaliingia magari 19, na baada ya gharama zote zikabaki Sh 290,000. Jioni moja nilimkuta mama amekaa mlangoni anahesabu noti zake, mvua inapiga bati, na ndani kuna gari linang'arishwa.

"Hii sakafu," aliniambia, "mngeijenga tangu wakati wa mahindi."

Alikuwa na haki. Ghala lenye paa zima na sakafu kavu lingemletea kodi kubwa zaidi miaka yote hiyo. Hivyo basi, msomaji mwenye gereji, ghala au banda lililokaa tu, kabla hujaamua biashara gani iingie humo, chukua ndoo ya maji uimwage sakafuni uone yanakoelekea. Bango la mdogo wangu limeandikwa kwa mkono juu ya kipande cha bati, na hadi leo hajapata sababu ya kulibadilisha.