Mashine ikisema moyo wa kijana "si wa kawaida"

Rusayl, eneo la kwanza la viwanda nchini Oman, lilianzishwa mwaka 1983 pembezoni mwa Muscat, na wengi wanaoingia zamu huko ni wanaume: Waomani, Wahindi, Wabangladeshi, Wafilipino. Mmoja wao akipimwa afya ili aajiriwe, huenda akabandikwa nyaya kifuani na kutolewa karatasi ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, ambayo mashine yenyewe imekwisha kuihukumu: "si ya kawaida". Usingizi wa usiku huo umekwenda.

Lakini kawaida ya nani? Mwaka 1960 madaktari wa Jeshi la Anga la Marekani walichapisha vipimo vya wanaume wazima 6,014, wa miaka 16 hadi 58. Asilimia 91 walikuwa na mstari ulionyanyuka milimita 1 hadi 3 baada ya wimbi kuu la pigo, walau katika waya mmoja wa kifuani. Mnyanyuko wa namna hiyo ndio huohuo daktari anaoutafuta kwa mtu anayeshukiwa kupata shambulio la moyo! Kwa vijana wa kiume, basi, asiye nao ndiye adimu. Hupungua umri unaposonga, na wanawake hawanao sana.

Kuna kijipindo kingine, mwishoni mwa wimbi hilo kuu, kilichozua hofu zaidi. Mwaka 2008 Michel Haïssaguerre wa Bordeaux na wenzake walieleza kwamba kati ya watu 206 walionusurika baada ya moyo kusimama bila sababu kujulikana, asilimia 31 walikuwa nacho. Kwa watu wazima wa kulinganishwa nao, asilimia 5 tu. Inatisha, mpaka upige hesabu. Mwaka huohuo watafiti wa Israeli walikadiria kwamba kijana mwenye kijipindo hicho, hatari yake ya kupatwa na mpapatiko unaousimamisha moyo namna hiyo hupanda kutoka watu 3.4 hadi 11 kwa kila 100,000. Imeongezeka mara tatu, ndiyo. Wanaobaki salama ni 99,989.

Asili ya mtu nayo ina neno. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 kuhusu ECG za wanamichezo unakubali kuwa mwanamichezo mweusi asiye na dalili anaweza kuwa na mstari uliovimba juu na kufuatiwa na wimbi lililogeuka chini, katika nyaya za mbele ya kifua, na moyo wake ukawa mzima.

Halafu kuna kosa dogo la mkono, ambalo kwa maoni yangu halisemwi vya kutosha. Vibandiko viwili vya kwanza hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, kando ya mfupa wa kifua. Vikipandishwa juu, karatasi inaweza kuiga ugonjwa ulioelezwa na ndugu Pedro na Josep Brugada mwaka 1992, ambao huonekana zaidi kwa wanaume wa Asia ya Kusini-Mashariki. Kurudia kipimo ni kazi ya dakika chache.

Daktari makini huuliza kwanza: umewahi kuzimia, hasa ukiwa mazoezini? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Jibu likiwa ndiyo, mtaalamu wa moyo amwone hata kama mashine imesifu. Na atakayethibitishwa kuwa na Brugada, homa ikimpanda aishushe haraka, maana homa huuchokoza ugonjwa huo. Dawa asizoruhusiwa aziandike na amwonyeshe kila mfamasia kabla ya kununua chochote.