Kusema bila kufungua kinywa: sheria kali za meza ya bridji

Kila mutu mwenye alisha kucheza karata wawili juu ya wawili anajuwa ule muchezo mwengine, wenye kuchezwa pembeni. Unapiga jicho, unajikuna sikio, unakohoa kidogo, na mwenzako amesha sikia: niko na asi. Mu kartiye tunacheka, pengine tunatukanana kidogo, kisha tunachanganya karata na kuanza upya. Lakini kuko meza kwenye ile jicho moja inaweza kufukuzisha mutu mu muchezo maisha yake yote. Ni meza ya bridji, na bandugu wa mugodi, sheria zake zinastahili tuziangaliye vizuri.

Bridji ni watu wane. Mwenzako anaikala mbele yako, wapinzani wako kuume na kushoto. Karata ni 52, kila mutu 13. Mbele ya kutupa karata ya kwanza munafanya sawa mnada: kila mutu kwa zamu yake anatangaza timu yake itakamata mizunguko mingapi, na rangi gani itakuwa na nguvu. Namna hii ya kucheza ilipangwa na tajiri mumoja wa Marekani, Harold Vanderbilt, mwaka wa 1925, akiwa safarini mu meli.

Sasa siri njo hii. Mu ule mnada uko na haki ya maneno 15 tu: hesabu kutoka 1 mpaka 7, majina ya rangi ine, neno la «bila rangi», na maneno matatu ya kupita, kuzidisha na kuzidisha tena. Ukiyaunganisha yote unapata matangazo 38, hakuna ingine. Na kwa ile kidogo unapashwa kumueleza mwenzako karata 13 zenye ziko mukononi mwako. Wale wenye wanashuka mu shimo kwa keji watasikia mara moja: kengele iko na milio kidogo, lakini kila mulio uko na maana yake, na maana ile inaandikwa pale kwenye kila mutu anaiona.

Kwa hiyo wachezaji wanapatana mbele. Mufano: mwenzako ametangaza «1 bila rangi». Wewe unasema «2 karo». Kwa kawaida ungezani niko na karo mingi. Hapana! Kwa wachezaji wengi neno hilo maana yake ni kwamba niko na karata tano za moyo ao zaidi, na naomba wewe utangaze moyo. Unasema karo, unataka moyo. Mutu wa inje atasema huu ni uwongo mutupu. Si uwongo, ni halali kabisa, paka kwa sharti moja: ile maana yenye munajuwa ninyi wawili, wapinzani nao wako na haki ya kuijuwa.

Hapo njo sheria ya bridji inanifurahisha. Kila jozi inajaza karatasi yenye mapatano yake yote na kuiweka wazi kwa wapinzani. Neno likiwa na maana yenye si ya kawaida, mwenzako yule yule anapashwa kuonya meza. Mupinzani akiuliza «maana yake nini?», anajibiwa yote, bila kuficha nusu. Lakini angaliya vizuri: unaeleza mapatano, hauelezi karata zako. Karata ni zako, siri yako. Na kama hamukupatana kitu, unasema wazi kwamba hamukupatana, haubuni.

Miye niko mutu wa sendika, munivumiliye nikitoka kidogo mu karata. Kuko kampuni moja, jina naliacha, kwenye tulitiya sahihi karatasi ya prime. Mule kuliandikwa kwamba prime inalipwa kwa «siku zenye kutumikwa kweli». Sisi tulisoma vile kila mutu anasoma. Mwisho wa mwezi, baba mwenye aliumia kazini na kulala hospitali siku sita akakuta siku zile sita zimekatwa, hata siku ya kumupeleka hospitali. Tulipouliza, biro ikatutolea karatasi ingine, ya ndani, yenye kueleza neno «kweli». Karatasi ile ilikuwako kutoka mwanzo. Hakuna mutu alidanganya hata neno moja: neno lilikuwa mezani, maana njo ilibaki mu droo yao. Tulisumbuka miezi mingi juu ya siku zile. Mu bridji, jozi yenye kufanya vile, mwamuzi anaitwa papo hapo, na kama wapinzani walipoteza juu ya kufichwa maana, matokeo ya meza yanarekebishwa.

Turudi. Kuko jambo gumu kupita hilo, nalo ni kunyamaza. Mutu amefika zamu yake, anafikiri, anafikiri, kisha anasema «napita». Hakusema kitu, si vile? Lakini mwenzake amesha juwa: kama angekuwa na karata za bure angepita mara moja, kumbe iko kitu. Sheria haikatazi kufikiri. Inamukataza mwenzake kutumikisha ile habari. Anapashwa kuchagua sawa vile hakuona kitu, na zaidi ya hapo, ajikaze asifuate njia yenye kule kusita kumemuonyesha. Je, utajuwaje kama alifuata? Mwamuzi anaweza kwenda kwa wachezaji wengine wa kimo kimoja, anawapa karata zile zile bila kuwaambia habari ya kusita, anauliza: ninyi mungefanya nini? Kama wengi wangepita na yeye hakupita, anaanza kuwa na mashaka. Tena mutu akiruka juu sana mu mnada, mwenye kufuata anangoja karibu segonde 10 hata kama hana cha kufikiri, juu haraka nayo inasema.

Sauti pia inasema. Unaweza kutangaza «2 moyo» kwa furaha ao kwa huzuni. Ndiyo maana kulitoka Uswedi visanduku vya karatasi zenye kuandikwa matangazo yote. Siku hizi mu mashindano hakuna mutu anafungua kinywa, unatoa karatasi yako unaiweka mezani.

Kosa la kupita yote, kitabu cha sheria kinasema ni jozi kupatana mbele namna ya siri ya kupeana habari. Na visa haviishi. Mwaka wa 1965, Buenos Aires, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishitakiwa kwamba vidole vyao nyuma ya karata vilikuwa vinahesabu karata za moyo. Shirika la dunia liliwaona na kosa. Uchunguzi wa kwao Uingereza ukawaachilia. Watu wanabishana mpaka leo.

Mwaka wa 1975, mu kisiwa cha Bermuda, waliweka kwa mara ya kwanza ukuta mudogo juu ya meza, ili mutu asione uso wa mwenzake. Muzuri sana. Lakini ukuta haukufika chini! Waitalia wawili, Facchini na Zucchelli, walionekana miguu yao ikikutana chini ya meza. Walikaripiwa vikali, wakaweka vimeza chini ya meza kuzuia miguu, na Italia ikashinda hata hivyo. Kisha, ukuta ukashushwa mpaka chini.

Mwaka wa 2013, Bali, mu mashindano ya wazee, ilikuwa kikohozi: Wadaktari wawili wa Ujerumani walihukumiwa na shirika la dunia kwamba kukohoa kwao kulikuwa na hesabu, na timu ikanyanganywa taji. Mwaka wa 2015 Boye Brogeland wa Norvège alishitaki mbele ya watu wote jozi ya Israeli, Fisher na Schwartz. Hao hawakukohoa. Walikuwa wanaweka kile kisahani cha karata mahali mbalimbali pa meza, na mahali palikuwa panaonyesha rangi yenye kutakiwa. Iligunduliwa kwa kuangaliya video mara na mara. Brogeland mwenyewe alikuwa amesha shinda mataji pamoja nao mu timu moja, na alisema yuko tayari kuyarudisha. Naheshimu mutu wa namna hiyo. Mu kazi yetu ya sendika wako wachache.

Kisha ikaja korona mu 2020, mashindano yakahamia ku intaneti. Kila muchezaji nyumbani kwake, hakuna ukuta wala mwamuzi nyuma ya kiti, na telefone iko mezani. Udanganyifu ukaongezeka, na mu mashindano mengine wachezaji wakaanza kulazimishwa kuwasha kamera yenye kuonyesha mikono yao, wakati wote wa muchezo.