Jumba Dogo la Sinema Katika Kata: Mashine Inunuliwe Mwisho

Mtu anapofikiria kuanzisha jumba dogo la sinema, aghalabu huanza kwa kuulizia bei ya projekta. Huikusanya akiba yake, au kikundi huchanga, mashine ikanunuliwa, skrini ikatundikwa, na usiku wa kwanza watu wakajaa. Baada ya wiki chache huja maswali ambayo mashine haiwezi kuyajibu: filamu hizi ni za nani, ukumbi umekaguliwa na nani, leseni iko wapi, na mbona watazamaji wamepungua? Makala haya yanawaeleza wakazi mpangilio ulio salama zaidi, yaani kuanza na watazamaji na filamu, kisha jengo, kisha vibali, na mashine mwishoni.

Jumba tunalolizungumzia

Jumba dogo huru la sinema ni ukumbi wa viti thelathini hadi mia moja hivi, usio tawi la kampuni kubwa, ambao mwenyewe huchagua filamu kwa thamani yake ya kisanaa na kwa mazungumzo zinayoyazua. Humo huonyeshwa filamu za Kitanzania zisizopata nafasi katika kumbi za maduka makubwa ya mijini, filamu za nchi nyingine za Afrika, filamu za kumbukumbu, na filamu za zamani. Mathalani, Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, inayohusu tiba za jadi. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto mwaka 2021. Au Timbuktu ya Abderrahmane Sissako, ya mwaka 2014.

Jumba la namna hii si kibanda umiza kilichopakwa rangi. Vibanda umiza vina wateja wake, na vimewafikishia wengi mpira na filamu kwa bei nafuu. Hata hivyo, mteja wa kibanda hufuata mechi au filamu anayoijua tayari. Mteja wa jumba dogo la kisanaa huja kutazama filamu ambayo pengine hajapata kuisikia, kwa kuwa anamwamini aliyeichagua. Imani hiyo ndiyo mtaji wa biashara hii, nayo hujengwa kwa muda.

Nchi yetu si ngeni kwa majumba ya sinema. Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga, Arusha na Moshi zilikuwa na kumbi ambamo familia nzima zilitoka pamoja jioni kwenda kutazama filamu. Dar es Salaam ilikuwa hata na sinema ya kutazamwa ndani ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1966. Video ilipoenea katika miaka ya 1980, na televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, watu wengi walibaki nyumbani na kumbi zikafungwa moja baada ya nyingine. Leo simu imeongeza ushindani huo. Anayefungua jumba sasa hana budi kuwapa watu jambo ambalo simu haiwapi: kutazama pamoja, kwa utulivu, na kuzungumza baadaye.

Hatua ya kwanza: wajue watazamaji wako

Kabla ya kupanga jengo, jaribu maonyesho machache katika ukumbi uliopo tayari, kama vile ukumbi wa shule, wa chuo au wa jumuiya, kwa kuazima au kukodi mashine. Hata maonyesho ya majaribio huhitaji kibali na ruhusa ya mwenye filamu, kama itakavyoelezwa. Hesabu waliokuja usiku wa kwanza, kisha hesabu waliorudi usiku wa tatu na wa nne. Idadi hiyo ya pili ndiyo ya kupangia biashara, kwa kuwa usiku wa kwanza wengi huletwa na shauku ya kitu kipya.

Chunguza pia mambo ya kawaida. Je, wanawake wanaweza kurudi nyumbani salama baada ya onyesho? Usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi? Je, siku ya gulio inaleta watu au inawaondoa? Je, watazamaji wako wanasoma kwa wepesi maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha? Jumba linaloonyesha saa kumi na moja jioni linaweza kudumu mahali ambapo jumba la saa tatu usiku litashindwa.

Hatua ya pili: haki ya kuonyesha filamu

Hapa ndipo wengi huteleza bila kujua. Kununua nakala ya filamu, au kulipia huduma ya kutazama filamu kwa intaneti, hukupa haki ya kutazama nyumbani. Hakukupi haki ya kuionyesha kwa umma, hata kama huna kiingilio. Haki hiyo ni ya mwenye filamu, nayo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA.

Ruhusa hupatikana kwa kuandikiana na mtayarishaji au msambazaji. Malipo huwa ya namna mbili: kiasi cha mkupuo kwa kila onyesho, au mgawanyo wa mapato ya tiketi. Kwa jumba changa, mgawanyo hupunguza hatari, maana usiku wa watu wachache hulipi zaidi ya ulichopata. Watayarishaji wetu wa ndani, ambao kazi zao hunakiliwa ovyo, wana sababu ya kumsikiliza mtu anayewaletea mkataba wa maandishi na hesabu ya wazi ya tiketi. Ikiwa unakusudia kumweka mtafsiri wa papo kwa papo, jambo ambalo watazamaji wengi hulipenda, liombee ruhusa pia, kwa sababu kutafsiri kazi ya mtu ni sehemu ya haki zake.

Hatua ya tatu: jengo

Jengo la zamani la Majestic mjini Zanzibar lilijengwa upya mwaka 1955 baada ya jumba la awali mahali hapo kuteketea kwa moto. Funzo lake halijapitwa na wakati. Ukumbi wenye giza, mapazia, viti vilivyosongamana na nyaya nyingi za umeme ni mahali pa hatari endapo mlango ni mmoja.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa pango, liangalie jengo kwa jicho la mtu anayelazimika kutoka humo gizani. Kuwe na milango miwili walau, iliyo mbali mmoja na mwingine, inayofunguka kwa nje na isiyofungwa kwa kufuli wakati wa onyesho. Kuwe na taa za dharura, mitungi ya kuzimia moto na njia pana kati ya viti. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua majengo na kutoa ushauri. Waite mapema, wakati mabadiliko bado ni ya kalamu na karatasi. Namba yao ya dharura ni 114, nayo iandikwe mahali pa wazi.

Kuna na mambo ambayo mkaguzi huenda asiyataje lakini mtazamaji atayasikia. Bati lisilo na dari halisikilizani na mvua: mvua ikinyesha, maneno ya filamu hupotea. Mapazia mazito huleta giza lakini huzuia hewa, hivyo panga feni au matundu ya hewa yasiyopitisha mwanga. Sauti ipimwe kutoka nje ya ukuta, kwa kuwa jirani asiyelala ndiye atakayefika kwanza katika ofisi ya mtaa, na kelele zina kanuni zake chini ya usimamizi wa mazingira. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 nayo inatukumbusha kuweka njia ya mteremko na nafasi ya kiti cha magurudumu tangu mwanzo, badala ya kubomoa ngazi baadaye.

Iwapo jengo lilikuwa duka au makazi, uliza kwa afisa mipango miji kama matumizi yake yanaruhusu ukumbi wa umma. Kubadilisha matumizi, na ukarabati mkubwa, huhitaji kibali cha halmashauri. Katika mkataba wa pango, weka sharti kwamba utaanza kutumika baada ya kibali kupatikana, ili usilipe kodi ya miezi mingi kwa chumba usichoruhusiwa kukitumia.

Hatua ya nne: vibali na leseni

Orodha ni ndefu, lakini kila ofisi ina kazi yake:

1. BRELA husajili jina la biashara au kampuni.

2. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hutoa namba ya mlipakodi na kufanya makadirio ya kodi.

3. Halmashauri hutoa leseni ya biashara, ambayo huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Malipo yote ya serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Usimkabidhi mtu yeyote fedha taslimu mkononi, na udai stakabadhi.

4. Bodi ya Filamu Tanzania husimamia maonyesho ya filamu na kuzipanga kwa umri wa watazamaji, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Sheria hiyo imeweka pia bodi katika ngazi ya mikoa na wilaya. Kwa sababu hiyo, afisa utamaduni ndiye mlango wa kwanza wa kubisha.

5. Afisa afya hukagua vyoo, usafi, na sehemu ya kuuzia vyakula kama ipo.

Daraja la umri si pambo la bango. Mwuza tiketi awe na mamlaka ya kumrudisha mtoto aliyefika kwenye filamu ya watu wazima, na mwenye jumba amuunge mkono hata kama ukumbi una viti vitupu.

Hatua ya tano: hesabu

Kiti kilichobaki kitupu usiku wa leo hakiuzwi kesho. Tuchukue mfano, ambao si makadirio rasmi. Jumba lina viti 50, kiingilio ni shilingi 3,000, na kuna maonyesho manne kwa wiki. Likijaa kila mara, mapato ni shilingi 600,000 kwa wiki. Lakini mwenye busara hapangii ukumbi uliojaa. Tuseme wanakuja watu 17 kwa kila onyesho, yaani theluthi moja. Mapato ni shilingi 204,000 kwa wiki, au 816,000 kwa wiki nne. Wenye filamu wakichukua asilimia 40, yaani 326,400, zinabaki 489,600. Pango likiwa 300,000, zinabaki 189,600 za umeme, mishahara, ulinzi na kodi. Hazitoshi.

Tofauti hiyo ndiyo huamua uhai wa jumba. Bisi, kahawa na juisi husaidia. Kila mmoja wa watazamaji hao 272 akiacha faida ya shilingi 500, hupatikana 136,000. Mchana ukumbi waweza kukodishwa kwa semina na mikutano, au kuonyesha filamu kwa wanafunzi kwa makubaliano na shule. Uanachama wa mwezi huleta fedha kabla ya onyesho na kumfunga mtazamaji arudi. Fanya hesabu hii kwa namba za mahali pako. Ikiwa theluthi ya ukumbi haiwezi kulipa gharama za lazima, punguza viti, badilisha jengo, au subiri.

Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza kuuliza kuhusu mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Upo pia Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Mkopo hata usio na riba hurejeshwa. Andiko lenye hesabu ya theluthi lina nguvu kuliko andiko lenye ndoto ya ukumbi uliojaa.

Mwisho: mashine

Sasa ndipo projekta inunuliwe, kwa kuwa sasa unajua ukubwa wa ukumbi. Skrini yenye upana wa mita tatu, katika chumba chenye giza la kweli na kuta zisizong'aa, haihitaji mashine ya bei kubwa. Projekta imara ya lumeni 3,000 inatosha. Giza ni rahisi kulinunua kuliko mwanga. Fedha utakayookoa itumie kwenye spika, maana mtazamaji huvumilia picha hafifu kuliko maneno yasiyosikika. Weka pia kifaa cha kuhifadhi umeme ili mashine isizimike ghafla umeme unapokatika, na taa za njia za kutokea ziwe na betri zake.

Mkazi anayekusudia kuanza afike kwa afisa biashara na afisa utamaduni akiwa na mambo manne katika karatasi: orodha ya filamu za miezi mitatu na wenye haki zake, mchoro wa ukumbi unaoonyesha milango, hesabu ya theluthi, na idadi ya watu waliorudi katika maonyesho ya majaribio. Mwenye karatasi hizo anaweza kuonyeshwa kasoro ya mpango wake angali na akiba yake mkononi.