Shahada ya masomo ya kimataifa: mwanafunzi amejifunza nini hasa?

Kila mwaka ifikapo mwezi wa Mei, familia nyingi za Afrika Mashariki zilizoko Marekani hukusanyika kwenye viwanja vya vyuo vikuu kushuhudia watoto wao wakivaa majoho. Vigelegele hupigwa, picha hupigwa, na simu huanza kuita Mombasa, Unguja, Kigoma na Bukavu. Shangwe zikishatulia, halikosekani swali la mtu mzima mmoja aliyeko nyumbani: "Huyu mjukuu wangu aliyesomea masomo ya kimataifa, hasa anajua kufanya nini?"

Swali hilo si la dharau. Aliyesomea udaktari atatibu, na aliyesomea uhasibu atapiga hesabu. Lakini huyu wa masomo ya kimataifa kwa miaka 4 amepita kwenye siasa, historia, uchumi na lugha, akaenda muhula mmoja nchi ya nje, kisha akapewa cheti. Katika makala yetu ya leo tunaangalia jinsi vyuo vikuu vya Marekani vinavyojaribu kulijibu swali la bibi huyo, yaani vinavyopima kile ambacho mwanafunzi amejifunza kweli. Aidha tutaeleza kwa nini sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunahusika na jambo hili kuliko tunavyodhani.

Chimbuko la masomo haya

Masomo ya kimataifa nchini Marekani yalipata nguvu kutokana na hofu. Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha angani satalaiti ya Sputnik, na Wamarekani wakaona wameachwa nyuma. Mwezi Septemba 1958 Rais Dwight Eisenhower alitia saini sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo kilitoa fedha za kufundishia lugha na kuanzisha vituo vya kuchunguza maeneo ya dunia ambayo Wamarekani wachache tu waliyafahamu. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizonufaika, na vyuo vikuu kama vile Wisconsin-Madison, Indiana na Michigan State vimekifundisha kwa miongo mingi.

Kwa muda mrefu programu za aina hii zilijieleza kwa hesabu: zina kozi ngapi, wanafunzi wangapi na vitabu vingapi maktabani. Mambo yalianza kubadilika pale wanaolipa walipotaka kujua zaidi. Mwaka 2005 aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, Margaret Spellings, aliunda tume ya kuchunguza hali ya elimu ya juu. Ripoti ya tume hiyo, iliyotolewa mwaka 2006, ililalamika kuwa wazazi na wanafunzi hawapewi taarifa za kutosha kuhusu kile kinachofunzwa na kueleweka vyuoni, na ikavitaka vyuo vipime matokeo hayo.

Inafaa kueleza hapa kwamba nchini Marekani ithibati ya chuo haitolewi moja kwa moja na serikali. Hutolewa na vyombo visivyo vya serikali ambavyo vinatambuliwa na Wizara ya Elimu. Chuo kisicho na ithibati, wanafunzi wake hawapati mikopo wala misaada ya serikali ya shirikisho. Kwa hiyo vyombo hivyo vinapodai kwamba kila programu iandike malengo yake, iyapime, kisha ionyeshe imerekebisha nini, vyuo havina budi kutii.

Kwa nini alama za mitihani hazitoshi

Msomaji anaweza kusema: kwani mitihani si ipo? Mwenye alama A si ndiye aliyejua? Kwa hakika alama zina kazi yake, lakini huchanganya mambo mengi. Ndani ya A moja mna mahudhurio, mna kazi za nyumbani zilizowahishwa, na wakati mwingine mna huruma ya mhadhiri. Ukiiangalia A hiyo huwezi kujua kama mwanafunzi anaweza kusoma gazeti la nchi aliyoichunguza au hawezi.

Masomo ya kimataifa yana shida nyingine ya peke yake. Mwanafunzi wa kemia hulelewa na idara moja tangu mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Huyu wetu hufundishwa na idara nne au tano. Idara ya siasa hudhani kwamba ya historia imemfundisha kuchunguza nyaraka, ya historia hudhani kwamba ya uchumi imemfundisha takwimu, na ya lugha hudhani wengine wamemfundisha kujenga hoja. Ni kama mtoto aliye na nyumba tano za kula: kila nyumba inaamini amekwisha kula kwa jirani, na mtoto analala na njaa.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya upimaji mzuri ni kuandika malengo ya programu nzima, tena kwa vitenzi vinavyoonekana. "Mwanafunzi ataielewa dunia" si lengo, kwa sababu hakuna awezaye kulithibitisha. Lakini tukisema "mwanafunzi ataweza kueleza mgogoro mmoja kwa mtazamo wa pande mbili zinazopingana, akitumia pia maandiko ambayo si ya Kiingereza", hapo tumepata kitu cha kupima. Hatua ya pili ni kuchora jedwali la kozi zote na kuonyesha kila lengo linafundishwa wapi. Jedwali hilo ndilo hufichua kwamba jambo lililodhaniwa linafundishwa na wote, kumbe halifundishwi na yeyote.

Kuisoma kazi yenyewe

Hatua ya tatu ndiyo kiini cha shughuli yote: kuisoma kazi ya mwanafunzi. Programu nyingi humtaka mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike utafiti mrefu. Wahadhiri huchukua baadhi ya tafiti hizo, huondoa majina, na kila moja husomwa na watu wawili wasiomfundisha mwandishi. Hawaulizani kama kazi hiyo ni nzuri au mbaya. Huulizana imefika wapi katika kila lengo.

Chombo kinachotumika sana ni jedwali la vigezo. Mwaka 2009 jumuiya ya vyuo vikuu vya Marekani ijulikanayo kama AAC&U ilichapisha majedwali ya aina hiyo kwa ajili ya mambo kadhaa, likiwemo la maarifa ya kuishi na watu wa tamaduni nyingine, na baadaye ikaongeza la kujifunza mambo ya dunia nzima. Kila kigezo kina ngazi 4, kuanzia ya mwanafunzi anayeanza hadi ya anayehitimu, na kila ngazi imeelezwa kwa maneno.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Mwanafunzi ameandika kuhusu uchimbaji wa kobalti huko Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti yote duniani. Ameeleza vizuri bei, makampuni, na betri za magari ya umeme. Kwenye kigezo cha kufahamu mifumo ya dunia anapata 4. Lakini katika kurasa zote 30 hakuna mchimbaji mdogo hata mmoja aliyesikika, ingawa wachimbaji hao wanazungumza Kiswahili na mwanafunzi amesoma Kiswahili miaka miwili. Kwenye kigezo cha kuona jambo kwa macho ya mwingine anapata 1. Alama A ingeficha upungufu huo, ilhali jedwali linauweka wazi. Na ikionekana kwamba wanafunzi wengi wana 1 mahali hapohapo, basi kosa si la mwanafunzi tena, ni la programu. Kozi ya mwaka wa pili haina budi kubadilishwa.

Kiswahili kwenye mizani

Katika lugha, upimaji umepiga hatua kubwa zaidi. Tangu mwaka 1986 baraza la walimu wa lugha za kigeni la Marekani, ACTFL, limekuwa na mwongozo unaoeleza mtu anaweza kufanya nini na lugha katika kila ngazi. Mwongozo wa mwaka 2012 una ngazi kuu 5. Mtahiniwa wa kuzungumza hufanya mazungumzo ya takriban nusu saa na mtahini aliyefunzwa. Haulizwi kanuni za sarufi. Huongozwa kusimulia, kulinganisha, kutoka kwenye tatizo na kutetea rai, mpaka ionekane lugha inamwishia wapi.

Kipimo hiki husema kweli ambayo haipendezi kila mara. Taasisi inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Kiswahili kinahitaji takriban wiki 36, yaani zaidi ya saa 800 za darasani, ili mtu akitumie kikazi. Sasa tupige hesabu. Chuo kinachofundisha saa 5 kwa wiki, wiki 15 kwa muhula, kwa mihula 4, kinampa mwanafunzi saa 300 tu. Programu inayoahidi kwamba miaka miwili itamtoa mtu anayeweza kufanya kazi kwa Kiswahili inajidanganya yenyewe na kumdanganya mzazi anayelipa karo.

Watoto wetu wanaozaliwa ughaibuni nao wana habari yao katika mizani hii. Yupo aliyelelewa na Kiswahili cha jikoni, anayetania na kuagiza chai bila kigugumizi, lakini akitakiwa kueleza sera ya maji hukwama na kuingiza Kiingereza. Yupo mwenzake asiye na asili ya Afrika Mashariki, anayejua ngeli zote kwa kichwa lakini hawezi kupatana nauli na dereva wa bodaboda. Wote wawili wanaweza kupata A darasani. Kila mmoja anahitaji mafunzo tofauti, na kipimo kizuri ndicho kitakachomwambia mwalimu aanzie wapi.

Wenyeji hawajaulizwa

Sehemu iliyo dhaifu zaidi, kwa maoni yetu, ni upimaji wa masomo ya ng'ambo. Mwanafunzi hupelekwa Zanzibar, Dar es Salaam au Arusha, akakaa na familia na kusoma lugha. Akirudi hupewa dodoso: je, umekuwa mtu mwenye kuheshimu zaidi tamaduni za wengine? Naye hujibu ndiyo, tena sana. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule. Mtu kujipima mwenyewe ni jambo la manufaa, ila si ushahidi unaotosha.

Mara nyingi hakuna anayemwuliza mama mwenye nyumba aliyeishi na mwanafunzi huyo miezi mitatu. Yeye ndiye aliyemwona kama anaamkia wakubwa, kama anajua wakati wa kunyamaza, kama alikosea akaomba radhi, na kama mwezi wa tatu alikuwa tofauti na wa kwanza. Mwalimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar au wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye amemwona. Programu inayodai kumfundisha kijana kusikiliza watu wa nchi nyingine, kisha ikapima mafanikio yake bila kuwasikiliza watu hao, imeshindwa mtihani wake yenyewe. Maswali matano kwa Kiswahili, yakiulizwa na mratibu anayefahamika na familia, yangetosha kuanzia.

Wapo wahadhiri wanaolalamika kwamba upimaji umegeuka kuwa ujazaji wa fomu, na kwamba matunda mengine ya elimu huiva baada ya miaka mingi. Malalamiko yao yana ukweli. Ripoti inayoandikwa ili iwekwe kabatini ni hasara ya muda na karatasi. Hata hivyo, dawa yake ni kupima mambo machache kwa makini na kuyatumia. Lengo moja kwa mwaka, kazi 20 zilizosomwa vizuri na rekebisho moja darasani ni bora kuliko majedwali 50 yasiyosomwa na mtu.

Jambo hili halina tena mzaha. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilisitisha ruzuku za kile kifungu cha 6, na vituo vya lugha na maeneo ya dunia vikaathirika, vya Afrika vikiwemo. Upimaji peke yake haurudishi fedha zilizokatwa kwa sababu za kisiasa. Lakini programu inayotaka kutetewa na watu wake lazima iweze kuonyesha inachokitoa.

Nyumbani nako mwelekeo ni huohuo. Mwaka 2015 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, unaotaka kila ngazi ielezwe kwa kile ambacho mhitimu anakijua na anaweza kukifanya. Vyuo vyetu vinavyofundisha uhusiano wa kimataifa, kama kile cha Kurasini mjini Dar es Salaam kilichoanzishwa na Tanzania na Msumbiji mwaka 1978, vina nafasi ya kujifunza mazuri ya wengine na kuepuka makosa yao.

Kwa hiyo mzazi au kijana anayetaka kujiunga na programu ya masomo ya kimataifa, awe London, Muscat au Nairobi, tunamshauri aulize maswali matatu kabla ya kulipa. Mhitimu wenu anaweza kufanya nini? Mnajuaje? Na mwaka jana mlipoona upungufu, mlibadilisha nini? Penye majibu ya wazi, mtoto yuko mahali pema. Penye picha za majengo na bendera tu, bibi atabaki na swali lake, na safari hii itabidi mjukuu alijibu mwenyewe.