Mkazo Ukihama, Shina Hubadilika

Kitenzi cha Kihispania "contar" kina maana mbili kuu, kuhesabu na kusimulia, na zote zimetoka kwenye "computare" ya Kilatini. Kinachofuata baada ya kitenzi ndicho huamua: "cuento los días" ni nahesabu siku, "cuéntame qué pasó" ni nisimulie yaliyotokea. Kikiandamana na "con" hupata maana ya tatu, ya kutegemea, kama katika "cuento contigo", nakutegemea wewe. Maana hizo hazimsumbui sana mwanafunzi. Kinachomsumbua ni umbo. Mimi ni "cuento", wewe "cuentas", yeye "cuenta", wao "cuentan". Lakini sisi ni "contamos" na nyinyi, kwa watu wa Hispania, "contáis". Irabu o ya shina imegeuka ue kwa nafsi nne na kubaki vilevile kwa mbili. Vitabu vingi vya kujifunzia huviita vitenzi vya namna hii visivyo vya kawaida, kisha humwachia mwanafunzi kazi ya kukariri. Naona jina hilo linapotosha. "Contar" hufuata sheria moja ya mkazo, na msemaji wa Kiswahili anaishi na sheria ya jamii hiyohiyo kila anapozungumzia chakula.

Sheria yenyewe ni fupi: mkazo ukiangukia shina, o hugeuka ue, ukihamia mwisho wa kitenzi, o hubaki. Katika "cuento" sauti hupanda kwenye "cuen". Katika "contamos" hupanda kwenye "ta". Ndiyo maana wakati uliopita hauna ue hata mahali pamoja: "conté", "contaste", "contó", "contaron", na vilevile "contaba" na "contaré" ya wakati ujao, kwa kuwa humo mkazo haugusi shina kamwe. Asili ya jambo hili ni Kilatini, kilichokuwa na irabu fupi na ndefu. Katika Kihispania, o fupi iliyobeba mkazo ikawa ue na e fupi ikawa ie, ilhali ndefu zilitulia. Mabadiliko hayo hayakubagua vitenzi wala nomino. Saba ni "siete" lakini sabini ni "setenta". Tisa ni "nueve" na tisini "noventa". Mlango ni "puerta" na bawabu "portero". Hata raia wa Venezuela huitwa "venezolano", maana mkazo umekwisha kuondoka kwenye "zue". Ni vigumu kuita kasoro ya kitenzi kitu kilichoenea mpaka kwenye tarakimu na majina ya nchi.

Sasa tuje nyumbani. Kwa nini tunasema anakula, lakini akila? Kitenzi -la kina silabi moja, na mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, yaani ile inayoitangulia -la. Viambishi vya wakati -na-, -me-, -li- na -ta- havikubali kubeba mkazo, kwa hiyo ku- hubaki ili iupokee: anakula, amekula, alikula, atakula. Viambishi -ki- na -ka- vinaubeba bila shida, nayo ku- hutoka: akila, akala. Hata katika anakila, chakula kikiwa ndicho kinacholiwa, ki- ya mtendwa hushika nafasi hiyo na ku- haihitajiki tena. Hakuna mtoto wa Unguja au Mombasa aliyechorewa jedwali ili ayajue haya. Tena neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, n au s, lisipoandikwa alama ya mkazo, husisitizwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama letu. Anayeisoma "contamos" kwa mazoea ya Kiswahili ataipatia.

Walimu watajibu kwamba jedwali linatosha: huzungushia mstari nafsi nne zinazobadilika, mchoro ukatoka kama buti, na darasa likakumbuka. Kama kumbukumbu ya mtihani, sina neno. Lakini buti hilo halivuki bahari. Argentina na Uruguay, ambako watu huambiana "vos" badala ya "tú", wewe unahesabu ni "contás", mkazo ukiwa mwishoni na o ikiwa imetulia. Wakitaka kusimuliwa husema "contame". Mwenye buti atadhani wamekosea. Mwenye sheria ya mkazo atakuwa amelitarajia umbo hilo kabla ya kulisikia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. "Montar", kupanda au kupandisha, inafanana mno na "contar", lakini ni "monto", si "muento". Ni kweli: sheria inaeleza mahali pa kubadilika, haitaji vitenzi vinavyohusika. Hapo kamusi inahitajika, na ile ya Chuo cha Lugha cha Hispania huonyesha kwamba "costar", kugharimu, huenda kama "contar". Nomino nazo husaidia: anayejua "vuelo", "sueño", "almuerzo" na "gobierno" ameshadokezwa "vuelo" ya "volar", "sueño" ya "soñar", "almuerzo" ya "almorzar" na "gobierno" ya "gobernar".

Kundi moja linaasi kwa kweli, lile la vitenzi vinavyoishia "-ir". "Dormir", kulala, hutoa "duermo" na "dormimos" kwa utii, kisha huleta "durmió" na "durmiendo", ambamo shina limebadilika ingawa mkazo haupo juu yake. "Pedir", kuomba, ina "pido" na "pedimos", halafu "pidió" na "pidieron". Hapa mkazo peke yake hauelezi. Ni sauti ya i iliyo mwanzoni mwa "-ió", "-ieron" na "-iendo" iliyoivuta irabu ya shina juu, o ikawa u na e ikawa i. Vitenzi hivi ni vichache ukivilinganisha na vya "-ar" na "-er", ila vinatumika kila siku: kulala, kuomba, kuhisi, kufa. Kwa vitenzi hivyo tu ningekubali jedwali.